Uliza Mbegu Ililala Wapi

Mteja akishika kopo la mbegu za vitunguu dukani kwangu Karatu, kitu cha kwanza anachofanya ni kuligeuza atafute tarehe. Wakulima wa Mang'ola ndio wakali zaidi kwa hilo, na wana haki. Kitunguu kinakula hela: kuna zamu za maji ya mfereji, kuna vibarua wa kupandikiza, kuna mbolea, na mbegu yenyewe haiuzwi kwa bei ya mchicha. "Dada, hii ni ya lini?" Namwonyesha. Kisha na mimi namuuliza la kwangu: utaiweka wapi mpaka kitalu kiwe tayari? Wengi hucheka. Wanaona nimeingilia mambo ya nyumbani kwao.

Lakini swali langu ni zito kuliko lao. Tarehe inaeleza miezi mingapi imepita. Haielezi miezi hiyo ilipita kwenye joto gani wala kwenye unyevu gani, na mbegu huzeeshwa na vyote vitatu kwa pamoja. Makopo mawili yaliyofungwa siku moja, kutoka shamba moja, baada ya mwaka yanaweza kuwa moja lina mbegu kijana na jingine lina kikongwe.

Kabla ya duka nilikuwa fundi wa maabara ya mbegu Morogoro. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu miche. Si kazi ya kujisifia harusini. Unachukua mbegu 400 kutoka fungu moja, unazigawa mara nne, mia mia, unazipanga juu ya karatasi iliyolowa au ndani ya mchanga, unaziingiza kwenye kabati lenye joto lisilobadilika, unasubiri. Mahindi unayahesabu siku ya nne na ya saba. Maharage siku ya tano na ya tisa. Kitunguu hakina haraka: hesabu ya kwanza siku ya sita, ya mwisho siku ya 12. Utaratibu ni huohuo Morogoro, Nairobi au Amsterdam, kwa sababu unasimamiwa na chama cha kimataifa cha upimaji wa mbegu, ISTA, kilichoundwa mwaka 1924. Wazo lenyewe lina umri mkubwa zaidi. Friedrich Nobbe alifungua kituo cha kwanza cha kupima mbegu huko Tharandt, Ujerumani, mwaka 1869, zama ambazo mkulima aliweza kuuziwa takataka na mchanga akidhani ananunua mbegu.

Jambo moja nililiona kwenye trei zile mpaka likaniingia damuni: mbegu haifi siku moja. Hupungua. Kwanza inachelewa. Mahindi mapya yakitoa mzizi siku ya pili, ya zamani yanangoja ya tatu au ya nne. Kisha miche inaanza kutoka na kasoro: mzizi uliodumaa, kichipukizi kilichojikunja, jani la kwanza lenye madoa ya kahawia. Kanuni za maabara haziuonei huruma mche wa namna hiyo. Mkulima angesema umeota. Sisi tulikuwa tunauandika kuwa si wa kawaida, na haukuingia kwenye asilimia. Mwisho kabisa ndipo mbegu inavimba kwa maji, inakaa hivyohivyo, inaota ukungu, inaoza.

Maana yake ni kwamba asilimia ya uotaji ni taarifa inayochelewa kufika. Nguvu ya mbegu inashuka kwanza, na uotaji unafuata nyuma. Ukichora uotaji wa fungu moja mwezi kwa mwezi hupati mstari unaoteremka polepole. Unapata tambarare ndefu, tuseme 95, 94, 94, 92, halafu mteremko mkali, halafu mkia wa mbegu chache sugu. Mifuko miwili inaweza kusoma asilimia 90 leo asubuhi, mmoja uko katikati ya tambarare na mwingine umesimama ukingoni. Karatasi ya majibu haitakuonyesha tofauti. Ndiyo maana maabara zina kipimo cha kuzeesha mbegu kwa makusudi: soya huwekwa kwenye joto la nyuzi 41, hewa ikiwa imejaa unyevu, kwa saa 72, kisha huoteshwa. Fungu lililokuwa ukingoni linaporomoka. Lenye nguvu linaendelea kuota. Katika vipimo vyote nilivyofanya hicho ndicho nilichokipenda. Kina ukatili wa haki.

Kinachotokea ndani ya punje ni hiki. Mbegu kavu ni kiumbe hai kilichopunguza maisha yake karibu na sifuri. Inapumua kidogo mno. Lakini oksijeni haikuingia naye mkataba wa kupumzika. Inaunguza mafuta yaliyo kwenye utando wa kila seli, inaharibu protini, inakata nyuzi za DNA. Mmea uliokwisha kuota hukarabati uharibifu huo kila siku. Mbegu kavu haina maji ya kufanyia ukarabati, kwa hiyo madhara yanajilimbikiza tu. Utando uliochakaa ni kama paa la makuti lililozeeka: kiangazi chote hujui hali yake, mvua ya kwanza ndiyo inayosema. Mbegu nzima ikipata maji, tando zake hujipanga upya na kuziba. Iliyozeeka huvujisha sukari na chumvi zake kwenye udongo, na fangasi wa udongoni hufuata chakula hicho mpaka mlangoni. Kiinitete kilichobaki kinatumia akiba kujitibu kabla ya kuota. Mkulima anaona kuchelewa, analaumu mvua, au analaumu mwenye duka.

Kuhusu joto na unyevu, Mmarekani James Harrington wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliacha kanuni mbili ambazo kila mtu wa mbegu anazijua kwa kichwa. Unyevu ulio ndani ya mbegu ukishuka kwa asilimia 1, maisha yake ghalani huongezeka mara mbili. Joto la ghala likishuka kwa nyuzi 5 hivi, mara mbili tena. Ni makadirio, na ile ya unyevu inashika kati ya asilimia 14 na 5 tu, lakini fanya hesabu uone inakupeleka wapi. Mbegu yenye unyevu wa asilimia 14 ukiikausha mpaka 10, umeizidishia maisha mara 16. Ukiihamisha kutoka chumba cha nyuzi 30 kwenda cha nyuzi 20, mara nne nyingine. Ukizidisha, mara 64. Mbegu ambayo ingechoka ndani ya miezi miwili, kwenye karatasi inapewa zaidi ya miaka kumi. Mimi simwahidi mtu miaka kumi. Namwonyesha tu kwamba hakuna dawa ya dukani kwangu inayofikia nguvu ya ukavu na ubaridi.

Sasa chukua hesabu hiyo uipeleke barabarani. Karatu mjini tuko juu, tunapata ubaridi wa nyanda za Ngorongoro, jioni tunavaa masweta. Mang'ola iko bondeni kando ya Ziwa Eyasi, na mchana huko ukiingia nyumba ya bati isiyo na dari unatoka unatiririka jasho. Mkulima ananunua mbegu nzuri kwangu, anafungua kopo apime kidogo, anaiegesha juu ya kabati chini ya bati, kisha zamu yake ya maji inasogezwa mbele. Baada ya miezi miwili anasia kitaluni. Tarehe bado ni nzuri kabisa. Kitunguu ni katika mbegu zinazochoka upesi kuliko karibu zote tunazopanda. Kwenye joto na hewa ya wazi mwaka mmoja unatosha kuimaliza, ilhali ikiwa kavu na imezibwa vizuri huvuka miaka kadhaa. Kopo likishafunguliwa, ule ulinzi aliolipia umekwisha. Kwa sababu hiyo nilianza kuagiza makopo madogo, ya kumaliza siku moja. Faida yake ni kidogo. Mwenye duka la jirani alinicheka, sasa na yeye anayaagiza.

Mimi nilizaliwa Pangani, na nilipokuwa mdogo sikuelewa kwa nini mama kila mwaka alikuwa anaomba mbegu za bamia kwa watu wa bara. Za kwake zilikuwa zinaota vibaya. Alizikausha vizuri tu, kwenye ungo, siku kadhaa za jua. Tatizo lilikuwa baada ya hapo. Mbegu hunywa unyevu wa hewa au huutoa mpaka ilingane na hewa iliyoizunguka. Pwani hewa ina unyevu wa asilimia 70 na kupanda kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mahindi uliyoyakausha hadi asilimia 10, ukiyaacha kwenye kikapu huko, yatapanda yenyewe mpaka 13 au 14 bila kunyeshewa hata tone. Ukiongeza joto la pwani, kanuni zote mbili za Harrington zinafanya kazi dhidi yako kwa mpigo. Mtu wa Njombe anaweza kuweka mbegu kwenye mfuko wa kawaida akafanikiwa. Mtu wa Pangani akimwiga atapata hasara, si kwa uzembe.

Kwa hiyo pwani, na mabonde yote ya joto, ni lazima kuziba: chupa ya kioo yenye kifuniko kinachokaza, kopo la bati, dumu safi lililokauka, au mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa ambayo asili yake ni utafiti wa kuhifadhi kunde nchini Kameruni, uliofanywa pamoja na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kuanzia miaka ya 1980. Mifuko hiyo inanisaidia pia kwa fukusi na dumuzi. Wadudu wenyewe humaliza oksijeni iliyomo kisha wanaishiwa pumzi, na huhitaji kuchanganya dawa. Lakini kuziba mbegu yenye unyevu ni kuiua haraka zaidi kuliko kuiacha wazi. Inapumua, inatoa joto na maji, inachacha. Ukifungua utanusa kabla hujaona.

Kwenye kukausha ndiko watu wengi wanakoharibu. Wanaanika mbegu juu ya mabati au pembeni ya lami kwa sababu inakauka upesi. Jua la saa sita juu ya bati linapita nyuzi 50 kwa urahisi, na mbegu ambayo bado ina maji mengi huanza kuumia ikipita nyuzi 40 na kidogo. Punje inabaki nzuri kwa unga. Kwa shamba imekwisha. Tandaza mbegu kwa unene mdogo juu ya turubai au mkeka, geuza mara kwa mara, jua likiwa kali sogeza kivulini penye upepo, na jioni ifunike au iingize ndani kabla ya umande. Mbegu iliyoachwa nje usiku inarudisha maji iliyoyatoa mchana.

Kama huna kipimo cha unyevu kuna njia ya chumvi, na nimeifundisha vijiji vingi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Tia chumvi iliyokaushwa juani, halafu mahindi yajaze kama theluthi moja ya chupa. Funga, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 hivi. Isipogandamana, umevuka hatua ya kwanza tu. Hapa ndipo watu wanaponiacha: kwa gunia la ghalani hiyo inaweza kutosha, kwa mbegu ya kuzibwa haitoshi. Endelea kuanika siku nyingine mbili tatu, mpaka punje ukiing'ata ivunjike kwa mlio badala ya kubonyea.

Bibi zetu hawakuwa na chupa ya kioo wala kanuni ya Mmarekani, lakini mahindi ya mbegu yalining'inizwa juu ya meko na maganda yake, moshi ukipita kila siku. Moshi ulifukuza wadudu, na joto dogo la kila siku lilizuia unyevu usirudi. Kunde ziliingia kwenye kibuyu na majivu makavu mpaka juu, mdomo ukazibwa. Nimewahi kumsikia afisa mmoja kijana akiita hayo mambo ya kale. Nilimwambia akalete mbegu ya bibi yake na ya ghala lake, nizioteshe zote mbili. Hakuleta.

Mazao hayalingani, na hilo nalo halimo kwenye tarehe. Karanga na soya huchoka mapema pamoja na kitunguu. Mafuta yao ni mepesi kuharibika, na ganda la ndani la karanga ni jembamba, likipasuka tu kiinitete kiko wazi. Karanga za mbegu zibaki kwenye maganda yake mpaka siku chache kabla ya kupanda. Na zinataka ukavu kuliko mahindi: hewa ileile inayoyaacha mahindi na asilimia 13 huziacha karanga na 7 hivi. Nyanya, matango na mtama huvumilia zaidi.

Kuna pia mbegu ambazo kukaa kidogo kunazifaa. Mpunga wa aina nyingi ukivunwa leo ukaoteshwa kesho unagoma, si kwamba umekufa bali umelala, na wiki kadhaa za kuhifadhiwa huuamsha. Aina fulani za karanga zina tabia hiyohiyo. Halafu kuna zile ambazo hazitaki kuhifadhiwa kabisa: karafuu, embe, kakao, fenesi. Mwaka 1973 mtaalamu wa Uingereza E. H. Roberts aliyatenga makundi haya mawili, yale yanayovumilia kukaushwa na yale yanayouawa nako. Mteja wangu mmoja mwenye ndugu Unguja aliletewa mbegu za karafuu, akazikausha kwa bidii zote kama nilivyomfundisha kwa vitunguu. Hakuna hata moja iliyotoka. Karafuu hupandwa mbichi, siku zilezile.

Wasomi wa mitandaoni hunijia na mtende wa Masada. Kweli, mbegu ya tende iliyochimbuliwa kwenye ngome ile karibu na Bahari ya Chumvi, yenye umri wa miaka 2,000 hivi, ilipandwa mwaka 2005 ikaota. "Sasa mbona za kwako zinakufa kwa mwaka?" Masada ni jangwa. Na tende moja haifanyi shamba. Huko Michigan, William James Beal alizika chupa 20 za mbegu mwaka 1879 ili wafuasi wake wawe wanafukua moja baada ya nyingine. Ya mwaka 2021 bado ilitoa miche, lakini karibu yote ilikuwa ya gugu la aina moja. Magugu ndiyo hodari wa kungoja. Mazao tuliyachagua kwa sababu yanaota tukitaka, na uhodari huo wa kungoja mengi yalishaupoteza.

Hata benki za mbegu haziamini ubaridi peke yake. Ghala la Svalbard lililofunguliwa mwaka 2008 kwenye visiwa vya Norwe linahifadhi kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, na benki yetu ya taifa ya nasaba za mimea iko hapa jirani, Arusha. Kazi ya benki ya mbegu haiishii kwenye kugandisha: kila baada ya muda sampuli huoteshwa, na fungu likianza kushuka hupelekwa shambani lizalishwe upya kabla halijafika kwenye ule mteremko.

Kwa mnunuzi wa kawaida ninayo machache ya kusema. Lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha mbegu kwetu, au ya KEPHIS kwa jirani zetu wa Kenya, inakuhakikishia mbegu ilivyokuwa ilipopimwa. Yaliyofuata baada ya hapo ni ya lori, ya duka na ya kwako. Kuna duka moja, silitaji, linapanga makopo kwenye dirisha la kioo linalopigwa na jua la mchana ili yapendeze, na mengine linayafungua liuze kwa kijiko. Mbegu ya kijiko haina tarehe, haina jina, na imekuwa ikinywa hewa ya soko tangu ilipofunguliwa. Usinunue, hata ukiuziwa na shemeji.

Na kabla ya kupanda chochote kilicholala, otesha. Hesabu mbegu 100 bila kuchagua nzuri. Mikono yetu hupenda nzuri, kwa hiyo fumba macho ukitaka. Zipange kwenye kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, kunja, weka ndani ya mfuko wa plastiki mahali penye uvuguvugu, usiache kikauke. Subiri siku zake. Kisha hesabu miche yenye mzizi mrefu na kichipukizi kilichonyooka, iliyosalia iache. Zikipita 80, panda. Zikiwa kati ya 60 na 80 ongeza kiasi, na chagua siku nzuri, udongo ukiwa na joto na unyevu wa kutosha, usifukie sana. Chini ya 60 mimi huwaambia waache. Wengi hubisha: kama nusu imeota, si nisie mara mbili? Hesabu inaonekana sawa, lakini ile nusu iliyoota nayo iko kwenye mteremko, na miche yake itapitwa na magugu, itakomaa kwa nyakati tofauti, vitunguu vyake vitakuwa vya ukubwa usiolingana sokoni. Utakuwa umelipa maji na vibarua kwa shamba zima.

Mbegu ya namna hiyo, kama ni mahindi au kunde ya nyumbani isiyo na dawa wala ukungu, pika ule. Ile iliyopakwa dawa, yenye rangi ya waridi au kijani, haiwi chakula hata ukiiosha mara ngapi, na kuku pia hapewi. Mpelekee afisa ugani akuonyeshe namna ya kuiteketeza, na ule mfuko wake mtupu usiufanye wa kubebea unga.